Kunde mbili na maharage mawili

Mhariri, swali lenu la wiki linauliza: kati ya damu na maneno, kipi hudumu zaidi katika ukoo? Nimelifikiria kwa siku tatu, kwa sababu nyumbani kwetu vyote viwili vimeshikana.

Ninaishi Muheza. Mwanangu wa kwanza ana selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyoiita mtaani. Alipokuwa na miezi minane, vidole vya mikono na miguu vilivimba, vikang'aa, akawa hataki kuguswa hata na kanga. Bibi mzaa mama alivitazama, akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mjomba wako alianza hivihivi, mjukuu wangu." Mjomba huyo sikumwona. Bibi alizika watoto wawili namna hiyo. Aliwavalisha hirizi, akawanywesha kombe, yaani maji yaliyooshea maandishi ya Kurani, na aliambiwa kuna jini la ukoo linalodai haki yake.

Kumbe ni herufi moja tu iliyobadilika katika jeni inayoelekeza mwili utengeneze hemoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni. Mtoto akirithi nakala moja yenye badiliko hilo, kwa kawaida anakua vizuri, na malaria kali humpata kwa nadra kuliko wenzake. Akirithi mbili, seli nyekundu za damu hujikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo. Ndiyo sababu jeni inayoua haikufutika: malaria ndiyo iliyoitunza. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha uhusiano huo mwaka 1954. Alikuwa ameona kwamba wenye badiliko hilo ni wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, palipo na malaria, na ni wachache nyanda za juu kwenye baridi. Jeni haina huruma wala chuki. Wanaoibeba wakifika umri wa kuzaa, nayo imefika.

Na lile neno la jini nalo liliishi kwa ujanja wake. Maumivu ya selimundu huja kwa kishindo, hukaa siku kadhaa, halafu mara nyingi hutulia. Yakitulia baada ya kombe, kombe limepata sifa. Yakirudi, jini bado halijaridhika. Neno la namna hiyo utalishinda kwa lipi? Bibi hakuwa mjinga. Alipokea maelezo pekee yaliyomfikia, akayarithisha kwa mama kwa mapenzi yaleyale aliyomrithisha damu.

Ila damu ina njia moja tu, ya mzazi kwenda kwa mwana, na hainakiliwi ovyo. Neno hurukia hata kwa jirani, na kila mdomo hulipunguzia hiki na kuliongezea kile. Hilo nimeliona kwa macho yangu. Kliniki, muuguzi alituchorea visanduku vinne nyuma ya kadi akatueleza: ninyi wote wawili mna nakala moja moja, kwa hiyo katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuugua. Nikamsimulia jirani, naye akamsimulia wifi yake. Kabla ya mwezi kuisha nikalisikia kisimani likiwa limegeuka: "Mtoto wa nne ndiye anayeugua, hao watatu wa mwanzo wako salama." Niliishiwa nguvu. Wangu anayeugua ni wa kwanza! Lakini neno lile la uongo lilikuwa fupi, lilikaa kichwani, na lilimpa mtu matumaini ya watoto watatu. La muuguzi lilikuwa la kweli na lilikuwa gumu kusimulia.

Basi nikalitafutia la kweli umbo linaloweza kutembea. Nilichukua vikombe viwili, kimoja cha baba, kimoja cha mama, kila kimoja na kunde moja na haragwe moja. Chota punje moja huku, moja kule. Yakitoka maharage mawili, mtoto ataugua. Halafu zirudishe, uchote tena. Jirani yangu alipata maharage mawili kwenye mchoto wa kwanza, na tena kwenye wa tatu. Akakaa kimya akitazama vikombe. Siku hizi ndiye anayewaonyesha wenzake.

Kwa hiyo jibu langu: damu hudumu zaidi, maneno huenda mbali zaidi, na kwa maneno mtu ana nafasi ya kutia mkono. Mwanangu anameza asidi ya foliki kila siku na anahudhuria kliniki, jeni ikiwa ileile ya mjomba wangu. Kilichobadilika ni tunachosema juu yake.

Binti yangu wa pili ana miaka kumi na nakala moja. Juzi nimemkuta barazani na rafiki zake, hana kunde wala maharage, ana vifuniko vya soda, vyekundu na vyeusi. Ameongeza sharti ambalo sikumfundisha: kabla ya kuchota, lazima ufumbe macho.