Hukupiga kelele, na si kosa lako

*Shangazi, nina miaka 23, nauza dukani hapa Moshi. Miezi minne iliyopita shemeji alinibaka, dada akiwa safarini. Sikupiga kelele, mwili ulikufa ganzi. Tangu siku hiyo silali, tumbo la chini linauma, hedhi imevurugika. Zahanati wananipa dawa za UTI, siponi. Mama anasema nikinyamaza nitasahau.*

Pole sana, mwanangu. Naanza na hizo kelele, maana naona ndizo zinazokunyima usingizi. Hofu ikizidi, mwili huganda: sauti hukata, miguu hugoma. Huamui wewe. Kuganda si kukubali, na hata kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu hakidai alama za kupambana ili ithibitike kuwa hukuridhia.

Sasa tumbo. Klamidia na kisonono hujificha kwa wanawake wengi bila dalili, kisha hupanda hadi kwenye mirija ya uzazi. Dawa ya mkojo huenda isiyaguse kabisa. Nenda hospitali ya Mawenzi au KCMC, na ukiwa na daktari litamke neno lenyewe: nilibakwa. Najua ni zito mdomoni, lakini asipolijua ataendelea kutibu mkojo. Omba upimwe ujauzito, kaswende, homa ya ini B na VVU. Kwa miezi hii minne, jibu la VVU litakuwa la kuaminika. (Wewe mwingine unayesoma na limekupata jana: dawa za kinga ya VVU huanzwa ndani ya saa 72. Wahi leo, hata kabla ya kuoga.)

Kukosa usingizi na kushtukashtuka ni jeraha pia, na linatibika. Mwambie daktari akuunganishe na mshauri wa saikolojia. Mama anakupenda, ila katika hili amekosea. Ulichokinyamazia kinasemwa na tumbo lako kila mwezi.

Hukuniambia kama bado unalala nyumba moja na huyo mwanaume, na hapo ndipo ninapoogopa. Kama ndivyo, hama leo, hata kwa rafiki. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Huko utaandikiwa PF3, fomu ya polisi ya kupeleka kwa daktari, na miezi minne haijafuta kosa lake. Ukiwa tayari kwenda, nenda.

Ila hospitali isisubiri. Mchukue mtu mmoja unayemwamini akae nawe kwenye benchi, kisha niandikie walivyokupokea.