Macho yaliyotokeza kwa ugonjwa wa thairoidi: yakirudishwa, yatatoka tena?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 43. Nina ugonjwa wa Graves, unaofanya tezi ya thairoidi ya shingoni itoe homoni nyingi mno; natumia kabimazole, dawa ya kuzipunguza, na vipimo vya damu sasa viko sawa. Lakini macho yametokeza, kope za juu zimepanda, na nikitazama juu naona vitu viwili viwili. Nimeambiwa nisubiri, kisha nifanyiwe upasuaji, tena zaidi ya mmoja. Mimi ningependa waanze na kope, maana watu wananiuliza kwa nini nawakodolea macho. Kwa nini nisubiri? Na macho yakirudishwa, hayatatoka tena baada ya miaka?

JIBU: Marahaba, mama. Nianze na la mwisho: kwa wengi hayatoki tena. Wanaopimwa miaka mingi baada ya upasuaji, kwa kawaida macho yao yamebaki pale yalipowekwa. Wachache hutokeza upya, na mara nyingi ni kwa sababu ugonjwa wenyewe umeamka.

Ndiyo maana unaambiwa usubiri. Kinga ya mwili iliyoshambulia thairoidi yako imeshambulia pia mafuta na misuli nyuma ya jicho. Vimevimba, na kwa kuwa tundu la jicho ni mfupa pande zote isipokuwa mbele, jicho limesukumwa nje. Uvimbe huo huwa mkali kwa miezi 6 hadi miaka 2 hivi, kisha hupoa na kuacha makovu. Kupasua kabla haujapoa ni kama kumshonea sare mtoto anayerefuka. Tunataka angalau miezi 6 ambayo macho hayajabadilika na homoni zimetulia.

Kutokeza kunapimwa kwa chombo cha Hertel, kinachowekwa kwenye kingo za nje za macho na kusomwa kwa milimita. Hapa nina neno: viwango vingi vya vitabuni vimetokana na Wazungu, na macho yetu Waafrika kwa asili hukaa mbele kidogo. Milimita 21 inaweza kumshtua daktari wa Ulaya na kwako ikawa kawaida kabisa. Nenda kliniki na picha yako ya kabla hujaugua, hata ya kitambulisho. Itamsaidia daktari kuliko jedwali.

Sasa utaratibu: kwanza kupanua tundu la jicho, pili misuli inayosogeza jicho, mwisho kope. Katika hatua ya kwanza mpasuaji huondoa mafuta, au sehemu ya mfupa wa ukuta wa nje, wa ndani au wa chini, au vyote, ili jicho lipate nafasi ya kurudi. Mafuta peke yake hurudisha kama milimita 2; kuta mbili au tatu hurudisha zaidi. Lakini hatua hii haitibu kuona viwili viwili. Wengine hutoka chumba cha upasuaji wakiona viwili zaidi kuliko walivyoingia, hasa ukuta wa ndani na wa chini ukiguswa. Ganzi ya shavu hutokea pia, na mara nyingi hupungua kwa miezi. Kupoteza uwezo wa kuona ni nadra, ila lazima uelezwe kabla ya kusaini fomu.

Kope zako nazo. Inaelekea msuli ulio chini ya jicho umekakamaa kwa kovu, ndiyo maana kutazama juu kunakushinda. Jicho likijitahidi kupanda, msuli wa kope hujivuta nalo, na kope hupanda kupita kiasi. Msuli wa chini ukilegezwa, kope ya juu inaweza kushuka yenyewe, na ya chini nayo huweza kuvutwa chini zaidi. Ukianza na kope, unaweza kukatwa mahali ambapo hapakuhitaji kisu, kisha urudiwe.

Lengo la upasuaji wa misuli ni uone kimoja ukitazama mbele na ukisoma. Ukitazama pembeni kabisa, huenda viwili vikabaki. Wengine hurudiwa, wengine humalizia kwa miwani ya prizimu, yenye vioo vinavyopinda mwanga ili picha mbili ziungane. Matone ya ukavu wa macho ni ya miaka mingi. Wengi hufurahia matokeo, ingawa sura ya zamani hairudi yote.

Kama unavuta sigara, acha leo: huzidisha ugonjwa na kudhoofisha tiba. Ukishauriwa kutibu thairoidi kwa kunywa madini joto yenye mionzi, mkumbushe daktari kuhusu macho, maana huweza kuyachochea. Huenda ukahitaji prednisolone, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, ili kuyakinga. Teprotumumab, dawa ya mshipani ya ugonjwa huu wa macho iliyoidhinishwa Marekani Januari 2020, hurudisha macho bila kisu, lakini bei yake ni kubwa mno, huweza kudhuru usikivu, na kwa baadhi ugonjwa hurudi ikisimamishwa.

Subira hiyo ina mpaka. Ziba jicho moja, tazama khanga nyekundu, kisha badilisha. Jicho moja likiiona imepauka, au uono umefifia, au kope hazifungi na jicho linauma, nenda hospitali siku hiyohiyo: neva ya jicho inaweza kuwa inabanwa, au kioo cha jicho kinaumia. Neva ikibanwa, tunaanza na steroidi ya mshipani. Isiposaidia ndani ya wiki moja au mbili, tunapasua hata kama ugonjwa bado ni mkali.