Nesi wa kwenye skrini, msaada au mpelelezi?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni nesi mpya, nimesomea huku huku Marekani nikapasi NCLEX, ule mtihani wa leseni ya unesi, mwaka huu, sasa niko wodini shifti ya usiku hapa Texas. Kila chumba kina skrini na kamera, kuna nesi mkongwe anatokea humo akiwa sijui wapi, eti tumuulize chochote. Wenzangu wanasema katumwa na mabosi. Mimi naona aibu kumwita, akiona nababaika si ataniripoti?
Nesi mpya, Texas

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mwite tu.

Huu mtindo wala si wa jana, ICU za Norfolk kule Virginia zilianza kusimamiwa kwa mbali mwaka 2000, na 2015 Mercy, kampuni yenye hospitali nyingi, wakafungua jengo zima Chesterfield, Missouri, hospitali haina kitanda hata kimoja, watu wako mbele ya skrini tu. Ila kwenye wodi za kawaida umeshika kasi baada ya korona, maana wakongwe wengi waliondoka, wapya wakabaki kufundishana wenyewe kwa wenyewe saa tisa usiku. Huyo mama kwenye skrini inawezekana mgongo umeshamkataa kunyanyua wagonjwa lakini kichwani yuko fiti kabisa, sasa hiyo akili ikae bure nyumbani kwa nini?

Mtumie hivi. Una insulini ya kuchoma na sera yenu inataka manesi wawili wahakikishe, inchaji kabanwa chumba kingine. Bonyeza kengele, nyanyua chupa mbele ya kamera asome jina, halafu sindano, avute picha karibu mpaka mistari ya yuniti ionekane, alinganishe na oda, kama sera inaruhusu naye anasaini kwenye mfumo. Au mgonjwa presha ilikuwa 130 sasa 98 na anahema mbiombio, usimwambie "sijui ana nini", mpe namba, mwambie umeona nini na umeshafanya nini, atakuuliza maswali ambayo wewe hayajakujia bado. Maelezo marefu ya kumlaza au kumruhusu mgonjwa mwachie yeye, ana muda.

Ila hana mikono! Mgonjwa akizidiwa ita timu ya dharura hapo hapo, usisubiri skrini iwake.

Hilo la upelelezi, sehemu nyingi kamera inageukia ukutani ikiwa haitumiki na inapiga kengele kabla ya kuingia. Muulize meneja kwenu ikoje, inarekodi au hairekodi, nani anaona. Una haki ya kujua na mgonjwa pia, kwa hiyo mtambulishe, "huyu ni nesi mwenzangu", asije akashtuka sauti inatoka ukutani.

Mimi ninachokiogopa ni kingine kabisa. Wakianza kuwaongezea wagonjwa, mlikuwa na watano sasa saba, kisingizio mna nesi wa kwenye skrini, hapo msikae kimya, andikeni barua wote mkasaini.