Lazima kila riwaya iwe ya mkoloni?

SWALI: Habari mhariri, niko chuo hapa Kisumu, kila tukisoma riwaya ya Kiafrika lekchara anauliza tu mkoloni alifanya nini. Hakuna njia ingine?

JIBU: Iko, tena si moja. Chukua The Promised Land, riwaya ya mwandishi Mkenya Grace Ogot, ilitoka 1966 na inaanzia huku kwetu Nyanza. Ochola anataka shamba Tanganyika, mkewe Nyapol hataki kabisa lakini ndo hivyo anamfuata, mavuno yanakubali, jirani anaona wivu anamroga Ochola, jamaa anamea vitu kama miiba mwili mzima na hospitali wanashindwa. Sasa ukiisoma ukimtafuta mzungu tu, utaruka ndoa, wivu, uchawi, yaani utamu wote! Mimi ningeanza na Nyapol, uliza kwa nini hasikizwi na ni nani analipa hiyo tamaa ya shamba. Alafu linganisha na simulizi za uhamiaji na urogi ambazo wazee wa Kiluo walikuwa wanapiga kitambo kabla ya meli ya mzungu. Mkoloni usimfute lakini, Tanganyika ilitawaliwa na Waingereza, mpe paragrafu yake uendelee. Lekchara akinuna, muonyeshe kurasa.