Maswali ya Wasomaji: Tairi Linaloendana na Njia Yako

Njia yangu ya kila siku karibu yote ni lami, ila kilomita chache za mwisho ni udongo unaoteleza mvua ikinyesha. Nilifunga matairi ya kashata kubwa, yaani yale meno ya tairi, mbele na nyuma. Udongoni yanashika vizuri, lakini kwenye lami usukani unatetemeka, barabara ikilowa pikipiki inateleza nikishika breki, na tairi la nyuma limeisha upesi. Je, nimeuziwa matairi mabovu?

Hapana, matairi ni mazima. Yamepewa kazi isiyo yao. Kashata kubwa huachanishwa makusudi ili zizame udongoni, na tope lipate pa kutokea gurudumu linapozunguka. Kwenye lami hakuna pa kuzama. Kinachogusa barabara ni vichwa vya yale meno tu, kwa hiyo mpira unaoshika ni mchache, na lami ikilowa upungufu huo unauona kwenye breki. Halafu kila jino likikandamizwa na uzito hupinda, kisha hurudi. Mtetemo unaousikia mikononi unatokana na kupinda huko, na mpira unaopindapinda hupata joto na kulika haraka.

Chagua tairi kwa kuhesabu kilomita, usichague kwa kuogopa kipande kimoja kibaya. Kwa safari yako chukua tairi la mseto: kashata zilizokaribiana katikati, na mifereji mipana inayofunguka pembeni. Ule udongo wa mwisho utaupita kwa mwendo mdogo, na hilo ni nafuu kuliko kuteleza kwenye lami kila siku. Kama zaidi ya nusu ya njia yako ingekuwa udongo au mchanga, tungekwambia ubaki na kashata kubwa na uzoee kuanza breki mapema ukifika lami.

Anayekwenda masafa marefu yaliyonyooka atafute tairi lenye mpira mgumu katikati, maana hapo ndipo linapolika. Likishakuwa bapa, pikipiki hugoma kulala kwenye kona, kisha hulala ghafla. Anayependa kona apate lenye mpira laini pembeni, akijua kwamba mpira unaoshika sana haudumu.

Ukikosa fedha za kununua yote mawili, lililo bora likae mbele, mradi limetengenezwa kwa gurudumu la mbele. La nyuma likiteleza mara nyingi utaliwahi. La mbele likiteleza, kwa kawaida umeshaanguka.

Nabeba mzigo. Tairi langu la nyuma ni 3.00-18, yaani upana wa inchi 3 kwa rimu ya inchi 18. Naweza kufunga 3.50-18 ili libebe zaidi?

Soma kwanza ubavuni. Baada ya saizi kuna namba na herufi, mfano 62P. Hiyo 62 ina maana kwamba tairi linabeba kilo 265 likiwa na upepo uliopangwa kwa uzito huo. 57 ni kilo 230. Herufi P ni mwendo wa juu kabisa, kilomita 150 kwa saa. Mara nyingi mwenye mzigo anahitaji saizi ileile yenye namba kubwa zaidi ya uzito, wala si tairi nene.

Tairi nene kwenye rimu nyembamba hubanwa kingo zake, kifua kikachongoka, na sehemu inayogusa barabara ikapungua. Linaweza pia kukwangua cheni au mkono wa nyuma, ule unaoshikilia gurudumu. Kama kitabu cha pikipiki hakiitaji 3.50, iache. Na kumbuka kwamba tairi lenye nguvu halikuongezei nguvu za fremu, spoku wala breki.

Tyubu ya tatu sasa inapasuka. Fundi anasema tyubu za siku hizi ni mbovu.

Itoe uiangalie kabla ya kuitupa. Imechanika kwenye shina la vali? Tairi lilikuwa likizunguka juu ya rimu kwa kukosa upepo, likaivuta tyubu huku vali imebaki kwenye tundu lake. Matundu mawili yaliyokaa sambamba? Umegonga ukingo wa shimo upepo ukiwa mdogo, rimu ikaibana. Tundu upande wa ndani, unaolalia rimu? Kichwa cha spoku kimetokeza, au utepe wa rimu umehama. Mkato mdogo mmoja kwenye tyubu iliyofungwa leo kwa kawaida ni wa chuma cha kutolea tairi, na hapo makosa ni ya mfungaji.

Unapofunga, weka tyubu ya saizi ya tairi na uitie upepo kidogo tu ili ikae mviringo bila mikunjo. Hakikisha mshale ubavuni unafuata mzunguko wa gurudumu. Paka kingo maji ya sabuni. Usipake oili wala grisi, zinaharibu mpira. Malizia kuingiza ukingo karibu na vali, huku upande wa pili ukiukandamiza kwa magoti ushuke kwenye bonde la rimu. Ukitumia nguvu nyingi, jua ukingo haujashuka. Sukuma vali juu kidogo usiibane tyubu, kisha jaza. Mstari mwembamba ulio ubavuni uwe umbali uleule kutoka kwenye rimu pande zote. Toa upepo wote, ujaze tena. Mikunjo iliyobaki itanyooka.

Nati ndogo ya vali usiikaze kwenye rimu. Ipandishe hadi kwenye kifuniko. Tairi likihama, vali italala upande na utaiona mapema kabla haijang'oka.

Pima upepo tairi likiwa baridi, kwa kipimo, kufuata kibandiko kilicho kwenye mkono wa nyuma au kifuniko cha cheni. Kidole hakipimi upepo.

Tairi limekaa stoo muda mrefu lakini kashata zote zipo. Nilifunge?

Tafuta neno DOT ubavuni na tarakimu nne za mwisho. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kunja ubavu; ukiona nyufa, au mpira umekuwa mgumu kama soli ya kiatu kikuukuu, usilifunge hata kama lina zile nywele zake zote za mpira za upya. Mpira mkavu haushiki lami iliyolowa.

Na tairi jipya kabisa nalo liendeshe taratibu kilomita 150 za mwanzo, bila kulalia kona wala breki za ghafla, hadi ule utelezi wa kiwandani uishe. Kabla ya kuondoka kaza nati ya ekseli, angalia ulegevu wa cheni, na kama breki ni ya diski ipampu hadi iwe ngumu. Mara ya kwanza inaweza kuzama yote bila kushika.