Re: Natafuta vitabu vya jinsia na unyago, katalogi haitoi kitu

Mdogo wangu, umesema uko Bagamoyo, unaandika tasnifu ya jinsia na unyago wa pwani, na katalogi ya maktaba ya chuo inakuambia hakuna kitu. Vitabu vipo, badilisha neno. "Jinsia" kwa maana ya leo ni neno la juzi. Vya zamani vimewekwa chini ya wanawake, ndoa, jando, mila. Na kwa yaliyoandikwa kabla ya 1964, tafuta Tanganyika.

Ukipata kitabu kimoja, tazama namba iliyobandikwa mgongoni. Kwenye mpangilio wa vitabu wa Library of Congress (Maktaba ya Bunge la Marekani), herufi HQ ni familia, ndoa na wanawake. Mimi husimama kwenye rafu hiyo nikasoma migongo ya vitabu mmoja mmoja. Mara nyingi ninachokihitaji ni cha tatu kushoto, ambacho katalogi haikunionyesha. Ukifika Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulizia pia East Africana, mkusanyo wa maktaba wa maandiko ya Afrika Mashariki.

Halafu usimpite mtu wa huko huko kwenu. Sehemu kubwa ya Desturi za Wasuaheli, iliyochapwa Ujerumani 1903 kwa jina la Mjerumani Carl Velten, ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda jirani na Bagamoyo. Mna unyago, posa, harusi, talaka. Ila kisome kwa jicho kali: ni mwanamume anaeleza mambo ya wanawake. Kungwi angeyasema vingine kabisa. Makungwi mnao mitaani, waendee kwa heshima, na wakikwambia hili usiandike, usiandike.

Makala za kulipia mpelekee mkutubi kwanza, kabla hujatoa hela yako.