Jipu la kwapani: msilitumbue

Dada, umeuliza kama shangazi alitumbue kwa sindano jipu lako la kwapani la siku nne, lililo gumu bado: asiliguse. Likikamuliwa kabla ya kuiva, usaha husukumwa ndani zaidi, na bakteria huweza kuingia kwenye damu. Chovya kitambaa safi kwenye maji ya moto unayoyavumilia, jikande dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa siku. Likipasuka lenyewe, osha kwa sabuni, funika kwa bandeji kavu; taulo lako asitumie mtu.

Amoksilini ya dukani, dawa ya kuua bakteria, achana nayo: haipenyi vizuri kwenye kifuko cha usaha, na bakteria wengi wa majipu wameshaizoea. Likibonyea kama puto lenye maji, likapasuliwe zahanati. Ukiwa na homa, kisukari au uvimbe unaosambaa, nenda leo.